Mwandikishaji wa bima ya afya kijijini: anafundishwa nini, analipwa nini? Wadau wa Tabora na Kigoma njooni tuongee

Mleta uzi

Habari za asubuhi wakuu, na wa huku kwetu Unyamwezini wangaluka. Hili jambo limenikaa kooni siku nyingi sasa nimeamua nilitoe. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka zake apite atarudi baadae.

Mimi ni mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ngazi ya kijiji, mkoa wa Tabora, wilaya siitaji maana huku tunajuana. Kwa asiyeijua hii kazi ni hivi: unapita nyumba kwa nyumba unaelezea watu habari ya bima, mtu akikubali unachukua taarifa za kaya nzima, unapiga kila mmoja picha kwa simu janja, unaingiza kwenye mfumo, halafu analipa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Hapo wanatibiwa kuanzia zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa ila kwa kufuata rufaa. Sisi huku rufaa ya mkoa ni Kitete, ndugu zetu wa Kigoma ni Maweni.

Mshahara hakuna. Ni kamisheni kwa kila kaya uliyoandikisha ikalipa. Usipoandikisha hupati kitu, na ukiandikisha unasubiri, sasa hiyo kusubiri ndo nitaifikia huko chini.

Wengi hawajui kwamba huu mfuko umezaliwa huku huku kwetu. CHF ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ikasambaa wilaya zingine, sheria yake ikatungwa 2001. Wazee wanaikumbuka kwa lile neno la tele kwa tele, yaani wananchi wakichanga serikali nayo inaongeza kiasi hicho hicho. Enzi hizo mtu alikuwa analipia pale pale kituoni, muuguzi anayekudunga sindano ndo huyo huyo anapokea mchango wako na kukuandika. Ilipokuja iliyoboreshwa kuanzia 2018 uandikishaji ukatolewa kituoni ukapelekwa kwa mtu wa kijijini mwenye simu, na malipo yakaingia kwenye mfumo. Wazo zuri sana sina ubishi nalo kabisa. Muuguzi amepumzika, hela haishikwi mkononi ovyo, bima inamfuata mtu mlangoni. Ila huyo mtu wa kijijini aliyebebeshwa huo mzigo mbona hakuna anayemuongelea? Tunasikia lengo la kuandikisha, tunasikia wilaya ipi imeongoza na ipi imeburuza mkia, basi.

Nianze na mafunzo. Semina tuliyopewa sisi muda mwingi uliishia kwenye simu. Namna ya kuingia kwenye mfumo, namna ya kupiga picha uso uonekane, namna ya kutuma taarifa mtandao ukirudi. Ni muhimu hayo sikatai. Lakini bima yenyewe ilipitiwa juu juu jioni watu washachoka wanawaza usafiri. Sasa njoo huku kazini uone maswali.

Kuna siku niko kwa mama mmoja, mumewe yuko kwenye bani la kukaushia anapanga tumbaku, moshi umejaa uwanja mzima, watoto wanasuka majani kwenye fito. Nimeelezea pale kama nusu saa. Mama kanyamaza ananisikiliza huku mikono inafanya kazi, halafu akaniuliza moja kwa moja: mwanangu, tusipougua mwaka mzima hiyo elfu 30 inarudi? Nikamjibu. Akauliza, sisi hapa tuko 9, unawapiga picha 6, hao watatu niwaambie wasiumwe? Akauliza tena, mke mwenzangu yuko kitongoji cha pili na wanawe, naye yumo au halipiwi? Mumewe akatokea mle banini anafuta jasho naye akaweka la kwake: pale kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika tuliambiwa kuna Ushirika Afya, hii yako ina tofauti gani na ile, nichukue ipi?

Wakuu hayo ni maswali ya mtu mwenye akili timamu anayetaka kujua hela yake inaenda wapi. Ushirika Afya ni ya NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilikuwa inalipwa 76,800 kwa mtu mmoja, sio kwa kaya, na mtandao wake wa hospitali ni mpana zaidi. Hiyo mimi nimekuja kuijua kwa kuuliza uliza mwenyewe, semina haikugusa. Na Toto Afya ya 50,400 ambayo mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa wakaambiwa wapitie mashuleni, nayo wananchi wanamuuliza mwandikishaji wa CHF, kwasababu kwa mwananchi bima ni bima, hajui huyu wa mfuko gani na yule wa mfuko gani. Wewe uliyekuja na simu ndo bima yenyewe.

Ngoja nile nitarudi na upande wa malipo.

Mleta uzi

Nimerudi. Malipo.

Tufanye mfano tu, tuseme kamisheni ni asilimia 10, ya elfu 30 ni elfu 3 kwa kaya. Kitongoji cha mwisho cha kijiji chetu boda kwenda na kurudi ni elfu 6 mvua ikiwa haijanyesha, mvua ikinyesha boda wenyewe wanakataa. Kwahiyo mpaka uandikishe kaya mbili ndo umerudisha nauli, hujaweka bando, hujaweka chaji ya simu kwa wenye sola, hujala. Na Tabora ndo mkoa mkubwa kuliko yote Tanzania kwa eneo, kilomita za mraba zaidi ya elfu 76, watu wametawanyika, nyumba na nyumba kuna pori katikati. Mwandikishaji wa mjini anasimama sehemu moja anaona kaya 50 kwa macho. Kamisheni yetu ni ile ile.

Halafu kuna msimu. Hela ya tumbaku inaingia masoko yakifunguliwa, kuanzia huko April Mei kuendelea, na malipo yenyewe yakichelewa benki basi yanachelewa kwa wote. Kuanzia Novemba mpaka Machi hela hamna, watu wako shambani, wengine wanakopa mahindi ya kula. Wewe uende kumwambia mtu wa hivyo lipa elfu 30 ya ugonjwa ambao haujaja? Ile miezi mwandikishaji anatembea bure kabisa. Na ndo miezi ya malaria, ndo miezi watu wanaihitaji bima kuliko wakati wowote.

Ila mimi kinachoniuma zaidi ni jinsi kamisheni inavyoipinda kazi. Ukilipwa kwa kichwa cha kaya, muda wako unaenda pale penye watu wa kulipa haraka. Barabarani, kwa wenye maduka, kwa watumishi wastaafu, kwa waliouza tumbaku vizuri. Yule bibi anayelea wajukuu kule mwisho, anayehitaji kuelezwa mara tatu ndo aelewe, na hata akielewa hela yake mpaka auze kuku, huyo kwa hesabu ya kamisheni ni hasara. Hakuna anayenilipa kwa kuelezea. Nikikaa masaa mawili nikajibu kila swali halafu mtu akasema ngoja nifikirie, hayo masaa mawili ni sifuri. Na mwenzangu akipita akamwambia mtu lipa tu utatibiwa bure kila kitu kila mahali, akapiga picha akaondoka, huyo kapata kamisheni yake yote. Mwaka ukiisha yule mwananchi harudii, kwasababu alifika hospitali akaambiwa hana barua ya rufaa. Sasa mimi wa kijiji cha jirani ndo napokelewa na maneno.

Na kuchelewa kwa hiyo kamisheni. Sitaji ofisi. Nasema tu huku nilipo imeshapita miezi na miezi unauliza unaambiwa ipo kwenye mchakato, unauliza tena unaambiwa mhusika yuko safari. Hakuna karatasi inayosema utalipwa tarehe ngapi. Waandikishaji tulioanza pamoja wengi wameacha, mmoja anaendesha boda, mwingine karudi kulima. Wakiondoka wanaondoka na kila kitu walichojifunza, anachukuliwa mpya anapewa semina ile ile fupi tunaanza moja.

Msimamo wangu ni huu: mwandikishaji apewe posho ya kila mwezi hata kama ni ndogo, iwe na tarehe, na kamisheni ibaki juu yake, tena kubwa iwe kwa kaya iliyorudia mwaka wa pili. Na mafunzo yawe ya bima, sio ya simu peke yake.

Karibuni.

Mdau wa Kasulu

Mleta uzi umeongea ya moyoni mwangu kaka yangu. Mimi ni mwanamke, naandikisha huku Kasulu na pia nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea kabla. Naongezea moja ambalo nyie wanaume hamlioni. Nikifika kwenye mji mwanamke anaelewa haraka sana, yeye ndo anayepeleka watoto zahanati, yeye ndo anayekeshea homa. Lakini elfu 30 haimo mikononi mwake. Ananiambia rudi baba yao akiwepo. Narudi, baba yuko kwenye kahawa au yuko sokoni. Narudi tena. Hizo safari zote ni za kaya moja na kamisheni ya kaya moja.

Kilichonisaidia ni vikundi. Nikaacha kupita nyumba moja moja nikaenda kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, siku zao za kukutana. Akina mama wanaweka kidogo kidogo kila wiki kwenye kisanduku, ikifika 30,000 ya mmoja analipiwa, wiki zinazofuata mwingine. Hapo mwanamke analipia kaya yake bila kumsubiri mtu na nikielezea naelezea watu 25 kwa mara moja, swali la mmoja linawajibia wote. Hii mbinu hakuna semina iliyonifundisha, nimeiona kwa mama mmoja Buhigwe. Ingekuwa ndo ya kwanza kufundishwa waandikishaji wangapi wasingekata tamaa.

Na lugha jamani. Semina inakuja na Kiswahili cha ofisini, mchango, mnufaika, huduma za rufaa. Bibi wa huku anaelewa Kiha. Mwandikishaji anatakiwa afike mezani na maneno ya kumweleza bibi, sio asome kipeperushi.

Mdau wa mwaloni, Uvinza

Huku kwetu ziwani msimu wetu ni mwingine ila shida ni ile ile. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sipingi, dagaa na migebuka vilikuwa vimepungua kweli. Lakini mwandikishaji aliyepangiwa mwalo wetu alikuja kipindi hicho hicho na lengo lake la mwezi! Wavuvi wameegesha mitumbwi, vijana wamehamia bara kutafuta vibarua, nani wa kumlipa? Jamaa kazunguka mwalo mzima katoka kapa. Alikuwa kijana mzuri tu anaelezea vizuri. Hajarudi mpaka leo.

Nakubaliana na posho ya mwezi. Na nyingine, wavuvi wanahama kambi. Leo yuko huku mwezi ujao yuko upande wa Kalemie au kashuka kusini Kalya. Mwandikishaji afundishwe namna ya kumwelezea mtu wa kuhamahama kadi yake anaitumiaje akiwa kambi nyingine.

Mganga wa zahanati

Mimi niko upande wa pili wa meza, ni tabibu kwenye zahanati ya kijijini, mkoa mmojawapo kati ya hiyo miwili. Naomba niseme kwa heshima kwamba ninyi waandikishaji mkifundishwa nusu sisi ndo tunamalizia hiyo nusu nyingine, tena mbele ya mgonjwa mwenye hasira.

Mtu anafika na kadi mpya mtoto ana homa. Nampima malaria, namtibu, vizuri. Wiki ijayo anakuja anataka kwenda moja kwa moja hospitali ya mkoa kwasababu aliambiwa kadi inafika mpaka mkoa. Inafika ndiyo, lakini kwa ngazi, naandika rufaa kama kuna sababu ya kitabibu. Anaona namnyima. Mwingine dawa niliyomwandikia imeisha kwenye stoo, anauliza sasa nililipia nini, hilo swali sina jibu lake, nami linaniumiza.

Ombi langu kwa wanaoandaa mafunzo: wakaeni na sisi hata siku moja. Mwandikishaji aone mgonjwa wa kadi anavyopokelewa, aone jinsi taarifa zinavyohakikiwa, aone barua ya rufaa ikoje, aulize siku hiyo nini kipo na nini hakipo. Akitoka hapo hatamwahidi mtu kitu ambacho hakipo. Na tuwe na namba za simu za kila mmoja, mwananchi akikwama nampigia aliyemwandikisha tunatatua hapo hapo.

Mdau

Mimi nitaenda kinyume kidogo msinishambulie. Kamisheni ndo haki. Ukimpa mtu posho ya mwezi anakaa nyumbani anasubiri tarehe. Serikali ina watumishi wangapi wanaolipwa na hawafanyi kazi? Anayechapa kazi kamisheni itamlipa, mbona mawakala wa pesa za simu wanaishi kwa kamisheni na hawalalamiki.

Mleta uzi

Mkuu nimekuelewa, na hoja yako wengi wanayo hata huku ofisini. Lakini wakala wa pesa anakaa kibandani mteja anamfuata mwenyewe na shida yake. Mimi ndo namfuata mtu kumuuzia kitu ambacho anaomba Mungu asikihitaji. Na wakala wa pesa mteja akishatoa hela yake biashara imeisha. Yangu inaendelea mwaka mzima, kadi ikigoma wananigongea saa mbili usiku mtoto amezidiwa, natoka. Hiyo saa mbili usiku kamisheni haiihesabu.

Uvivu unazuilika. Posho iambatane na vitu vinavyoonekana: umefanya mikutano mingapi ya kitongoji, umehudhuria zahanati siku ngapi, kaya zako ngapi zimerudia. Mwenyekiti wa kitongoji asaini. Asiyefanya aondolewe.

Tena angalia wenzetu wahudumu wa afya ya jamii. Ule mpango jumuishi uliozinduliwa mwanzoni mwa 2024 unalenga wahudumu 137,294 nchi nzima, wawili kila kitongoji au mtaa, na mafunzo yao ni miezi 6, nadharia na vitendo. Mtu anayekuja kuangalia kama mna choo na kama mtoto kachanjwa anasoma miezi 6, na ni sawa kabisa, anastahili. Mtu anayechukua elfu 30 ya kaya na kuieleza itafanya nini kwa mwaka mzima anafundishwa kutumia kamera. Kwanini kusiwe hata na wiki mbili?

Kenya nao Septemba 2023 walizindua wahudumu wa jamii zaidi ya laki moja, posho ni shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, nusu inatoka serikali kuu nusu kaunti. Mamlaka yao mpya ya bima ya afya, SHA, ilipoanza kazi Oktoba 2024 hao hao ndo wakawa wanasaidia wananchi kujisajili. Kelele za kucheleweshewa zipo hata kwao, ila kiasi kinajulikana na nani anatakiwa alipe kinajulikana, mtu ana pa kudai.

Wakala, Tabora mjini

Nimesoma mpaka hapa nikaona nichangie maana mimi ni wakala wa bima mwenye leseni, nauza za magari, moto, na afya za makampuni binafsi. Kwetu huwezi kuuza bima bila kusajiliwa na TIRA, ile mamlaka ya usimamizi wa bima, chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Unatakiwa uwe na cheti cha mafunzo ya bima, uwe umeunganishwa na kampuni, leseni ina muda wake unahuisha. Ukimdanganya mteja kuna pa kukushtaki, leseni inaweza kufutwa. Kamisheni yangu inatoka kwa kampuni na iko kwenye mkataba, najua kabisa ni asilimia ngapi.

Sasa nawaangalia ninyi wa CHF, mnafanya kazi ngumu kuliko yangu, wateja wenu ni watu ambao hawajawahi kushika bima maishani, na hamna hata cheti cha kubandika ukutani. Ningependekeza hata kozi fupi inayotambulika. Kijana akimaliza miaka miwili CHF anaweza kupanda akawa wakala kamili. Hiyo peke yake ingewafanya wabaki, mtu akiona mbele kuna njia anavumilia.

Mwenye ndugu Marekani atakwambia wao wamewatenganisha. Kuna wakala wa kawaida, huyo analipwa kamisheni na kampuni za bima. Halafu kuna wasaidizi wa kujiandikisha waliowekwa na sheria yao ya bima ya afya ya 2010, wanalipwa kwa ruzuku ya serikali kupitia taasisi za kijamii, na hao wamekatazwa kupokea chochote kutoka kampuni ya bima kwa kumwandikisha mtu. Kabla ya kupewa cheti wanasoma kozi na kila mwaka wanairudia. Lengo ni mtu apate ushauri ambao hauna mkono wa kampuni nyuma yake. Ila nako hela ya ruzuku inacheza kulingana na nani yuko madarakani, zilikuwa kama dola milioni 63 mwaka 2016, zikashuka mpaka milioni 10 mwaka 2018, zikapanda mpaka milioni 100 mwaka 2024. Kwahiyo posho ya serikali nayo ina hatari yake, ikikatwa msaidizi anaondoka.

Mleta uzi

Wakala umenifungua sana hasa hapo kwenye kutenganisha. Huku kwetu kampuni hakuna, mfuko ni wa umma, lakini presha ya lengo inafanya kazi ile ile. Mtu mwenye lengo la kaya kadhaa kichwani hawezi kumwambia mwananchi ukweli kwamba mzee wangu, wewe una watoto wanaosoma Tabora mjini na Mwanza, angalia bima ya NHIF pia. Atamsukuma alipe hii. Mimi napenda siku moja niweze kumwambia mtu ile inayomfaa hata kama mimi sipati kitu.

Na hili jambo linakuja kuwa kubwa zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge lilipitisha Novemba 2023, ni sheria namba 13 ya mwaka huo, inataka kila mkazi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Tabora sensa ya 2022 tulikuwa watu 3,391,679. Kigoma 2,470,967. Nani atapita kuwaandikisha hao wote? Nani atasema hii kaya ina uwezo na hii haina, na awe amefundishwa kuitambua, asiwe anaandika shemeji zake? Ni mtu huyu huyu tunayemuongelea. Akiandaliwa kama tulivyoandaliwa sisi, watu wataanza na malalamiko kabla hata hawajaanza kutibiwa.

Mdau wa Kasulu

Hapo kwenye kutambua wasio na uwezo naogopa kabisa. Kijijini ukimwandika jirani kwamba ni maskini wengine wanakuchukia, usipomwandika anakuchukia yeye. Mwandikishaji anaishi hapo hapo, watoto wake wanasoma na wa kwao. Lifanyike kwenye mkutano wa kijiji majina yasomwe wote wasikie, lisiachwe kwa mtu mmoja na simu yake.

Mganga wa zahanati

Naunga mkono mkutano wa kijiji. Na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 sera tayari inawapa msamaha vituo vya serikali, mwandikishaji alijue hilo pia. Nimeshaona kaya ya mama mjamzito na mtoto mmoja mchanga wanalipishwa elfu 30 bila kuelezwa kwamba wao wawili msamaha wanao. Angelipa tu baada ya kuelezwa, labda kwa ajili ya mume na wengine, lakini alitakiwa ajue.

Mdau mgeni

Shikamooni wakubwa. Mimi nimemaliza kidato cha sita, niko Urambo, mtendaji wa kijiji kanipa jina niende semina ya waandikishaji wiki ijayo. Nimesoma uzi wote nimeogopa. Niende au niache? Na nikienda niulize nini?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Nenda. Kazi hii ina watu wanaoihitaji, kuna kaya niliyoandikisha mama akafanyiwa upasuaji wa kujifungua na hawakuuza ng'ombe hata mmoja, siku nikipita pale naitwa nikae.

Ila usikae kimya semina. Ukifika waulize kamisheni ni kiasi gani kwa kaya mpya na kiasi gani kwa kaya inayorudia, wakuandikie, usikubali la mdomo. Waulize inalipwa tarehe ngapi, inapita wapi, na isipolipwa unamuona nani kwa cheo chake. Simu ikiharibika au kuibiwa nani anabeba gharama, hilo wenzetu wawili limewatoa kwenye kazi wakidaiwa simu. Nauli ya vitongoji vya mbali ipo au haipo.

Kwenye bima yenyewe uliza kaya yenye watu zaidi ya 6 inafanywaje, mke wa pili anafanywaje, kadi inaanza kufanya kazi siku ngapi baada ya kulipa, vipimo gani vimo na vipi havimo, mtu akisafiri mkoa mwingine inakuwaje. Usitoke hujapata majibu, andika kwenye daftari kabisa. Halafu omba namba ya mganga mfawidhi wa zahanati yenu, nenda kajitambulishe kabla hujaanza kupita kwa watu, ukae naye asubuhi moja wagonjwa wakiwa wengi.

Huko Urambo wengi wenu ni wakulima wa tumbaku, kwahiyo ongea na viongozi wa chama cha msingi mapema kabla ya masoko, uombe nafasi ya kuongea siku ya mkutano wao mkuu. Ukisubiri mpaka hela iingie utakuta ina wenyewe. Na dada yetu wa Kasulu hapo juu mfuate akueleze vizuri hiyo ya VICOBA, mimi mwenyewe naanza nayo Jumamosi hii kwenye kikundi cha akina mama wa kitongoji chetu.